Ndege wa Kisiwa cha Mtakatifu Tomaso

Kisiwa cha São Tomé katika Ghuba ya Guinea kilipewa na Wareno jina la Mtume Tomaso, yule aliyekataa kusadiki kabla ya kuona. Msituni humo yumo ndege asiyepatikana penginepo duniani, mweusi mgongoni na wa manjano kifuani, ambaye wataalamu humwita Lanius newtoni. Mreno Barbosa du Bocage alimweleza mwaka 1891. Baada ya mwaka 1928 hakuonekana tena kwa miaka mingi, hata alipoonekana mwaka 1990. Nasi tulitabasamu tuliposoma habari hiyo!

Historia yake ni historia ya mashamba: miwa katika karne ya 16, kisha kahawa na kakao, yaliyolimwa na watumwa, na baadaye na vibarua kutoka Angola ambao hali yao haikutofautiana sana na utumwa. Misitu ya tambarare ikafyekwa. Ndege akasalia kusini-magharibi, penye miti ya kale, ambako huokota wadudu ardhini. Hatuoni haki kumtwika mkulima maskini wa leo mzigo huo wote. Hifadhi ya Obô ilianzishwa mwaka 2006. Ndege wazima waliobaki wanakadiriwa kutofika 250, na panya walioletwa na merikebu wamo humo humo msituni.