Shing'weng'we ukutani: nani atatusomea picha hizi?

Leo naomba tuweke pembeni siasa na bei ya dhahabu, tuzungumzie picha. Tena zile picha za ajabu ajabu: mtu aliyejiviringisha na joka, zimwi lililopasuka tumbo, msalaba unaoelea angani bila kushikwa na kitu. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu waliokosa kazi. Mimi nasema hapana, na ushahidi nautoa hapa hapa Kanda ya Ziwa.

Lakini tuanze na hao Wazungu. Mwaka 1924, jijini Paris, mshairi André Breton alitoa waraka wa kutangaza harakati iliyoitwa usurealisti. Kwa lugha nyepesi, walisema akili ya mchana inatubana mno, kwa hiyo msanii achote kwenye ndoto, aweke pamoja vitu ambavyo macho hayajawahi kuviona pamoja. Breton mwenyewe hakutaka hata kusikia habari za kanisa. Mambo yakageuka kwa Salvador Dalí, Mhispania aliyewahi kuwa mwenzao. Mwaka 1951 alichora Kristo msalabani akionekana kutoka juu, kama vile wewe mtazamaji uko mbinguni unachungulia duniani. Hakuna misumari, hakuna damu, hakuna taji la miiba. Chini kabisa kuna maji, mashua na wavuvi. Dalí alieleza kwamba picha hiyo ilimjia ndotoni, na pia aliongozwa na mchoro mdogo wa Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania wa karne ya 16.

Jiji la Glasgow, Uskoti, liliinunua picha hiyo mwaka 1952 kwa pauni 8,200. Watu wakalalamika kwamba fedha zimetupwa. Mwaka 1961 mtu mmoja aliingia makumbusho akaichana. Baadaye ilitengenezwa, na hadi leo kuna watu wanaosimama mbele yake kimya kama wako ibadani. Picha ni ile ile, mmoja anasali na mwingine anaichana. Kumbe ugomvi hauko kwenye rangi, uko kwenye tafsiri.

Sasa turudi nyumbani. Mimi ni mtoto wa Masumbwe. Sisi tumehama mkoa bila kuhama nyumba: zamani tulikuwa wilaya ya Bukombe, mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 tuko wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita. Hapa Wasumbwa, Wasukuma na Wanyamwezi tumechanganyika kiasi kwamba ukitaka kututenganisha utachoka. Na katika eneo hili kubwa la Usukuma na majirani zake kulikuwa na chama cha wacheza na nyoka kinachoitwa Bayeye. Wengi tunawajua kwa ngoma yao, mtu amejizungushia chatu mwilini na wala hana wasiwasi. Wachache wanajua kwamba watu hawa walikuwa pia wachoraji.

Walichora kwenye kuta za ndani za nyumba zao za chama. Rangi zilitoka kwenye udongo na masizi. Humo ndani kulikuwa na nyoka, wanyama, watu wa kale wa kwenye hadithi, na viumbe ambao huwezi kukutana nao porini hata utembee mwaka mzima. Mwaka 1953 Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika, alichapisha London kitabu kizima kuhusu michoro hiyo ya ukutani. Ukiiangalia leo unaweza kudhani wachoraji wake walikunywa chai na akina Breton. Hawakuwahi kuonana.

Lakini kuna tofauti kubwa, na hii ndiyo hoja yangu ya leo. Dalí alichora ndoto yake, akaiacha kila mtu aisome anavyoweza. Picha za Bayeye zilikuwa za kufundishia. Mgeni aliyeingizwa chamani alionyeshwa picha, akasimuliwa hadithi yake, akafundishwa na wimbo. Picha, hadithi na wimbo vilikwenda pamoja, na katikati yake alikuwepo mwalimu. Bila mwalimu, ukuta ule ni nyoka na madoa tu.

Msomaji usiseme hayo ni ya wapagani. Fungua Biblia yako. Ufunuo sura ya 5 kuna Mwanakondoo mwenye pembe saba na macho saba. Sura ya 13 kuna mnyama anayetoka baharini, ana vichwa saba na pembe kumi. Kanisani, mwinjili Luka tunamwonyesha kwa ng'ombe mwenye mabawa, na Marko kwa simba mwenye mabawa. Hebu mchore ng'ombe mwenye mabawa kwenye ukuta wa duka la mtu, bila maelezo, uone kama utalipwa. Kanisani hatushtuki kwa sababu tumekaa miaka mbele ya katekista, akatueleza. Huku kwetu kazi hiyo ni ya zamani sana: misheni ya Ushirombo, ambayo haiko mbali na Masumbwe, ilifunguliwa mwaka 1891. Miaka yote hiyo picha za ajabu za Ulaya zimekuwa na walimu wa kuzieleza. Picha zetu za ajabu ziliambiwa ni za shetani, na walimu wake wakanyamaza.

Matokeo yake niliyaona kwa macho yangu. Kijana mmoja rafiki yangu, mchoraji wa mabango ya maduka na saluni, aliombwa na kikanisa kimoja achore ukuta wa chumba cha watoto. Akawaza, akaamua kuchora Shing'weng'we. Wazee wa Usukuma wanaijua hadithi hii: zimwi lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaa mtoto, Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza, baba yuko wapi? Akaenda kulitafuta zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, watu wote wakatoka wakiwa hai. Rafiki yangu akachora tumbo limepasuka, watu wanatoka kwenye mwanga, na kijana mwenye kisu ana alama za misumari mikononi.

Ndani ya wiki mbili ukuta ukapakwa chokaa. Waumini walisema wameletewa jini ndani ya nyumba ya Mungu. Hakuna aliyemwita mchoraji akamuuliza, "Kijana wangu, ulikuwa unasema nini?" Na chokaa walimdai yeye.

Laiti wangemuuliza. Maana makatekista na mapadre wa Usukuma wamekuwa wakimtumia Masala Kulangwa kwa miaka mingi kumweleza Kristo, yule aliyeingia mautini akawatoa waliomezwa. Na hadithi ina kipande kingine kinachonigusa zaidi. Wakati analipasua zimwi, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo tumboni. Bibi akakasirika, akataka kumdhuru. Kijana hakumpiga wala kumwita mchawi. Alitafuta dawa, akamponya sikio lake. Aliyesoma Luka sura ya 22, habari za sikio la mtumishi wa kuhani mkuu, anajua ninachosema.

Kwa nini nakazania jambo hili? Kwa sababu kwetu kusoma alama vibaya kunaua. Vikongwe wangapi wa Shinyanga, Geita na Mwanza wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu? Macho mekundu yale ni moshi. Ni miaka arobaini, hamsini ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi katika nyumba isiyo na dirisha. Kuanzia mwaka 2007 wakafuata ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu kuna mtu alisema viungo vyao vinaleta utajiri migodini na ziwani. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Vizuri. Lakini mpiga ramli ni nani, kama siyo mtu aliyejitwalia kazi ya kutafsiri alama baada ya wenye kujua kunyamazishwa? Ukimwondoa bila kumrudisha mwalimu, kesho atakuja mwingine.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alijenga kanisa lililojaa alama za utemi wa Kisukuma. Altare yake imechukua umbo la kiti cha ntemi. Huhitaji kuhubiriwa saa nzima kuelewa nani anatawala pale. Na sherehe ya Bulabo, mashindano ya ngoma ya kila Juni, ilifungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi. Bagika na Bagalu wanashindana, na nyoka wanatoka hadharani, mchana kweupe. Kule Dar es Salaam nako, Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa na mtawa, Sista Jean Pruitt, ndiyo iliyompa nafasi George Lilanga, Mmakonde aliyechonga na kuchora mashetani yenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, hadi dunia ikamjua kabla hajafariki mwaka 2005. Sista hakuogopa mashetani ya Lilanga. Alimwacha aeleze.

Kwa hiyo wachoraji wenzetu wa Masumbwe, Kahama, Ushirombo na Geita, choreni. Choreni ndoto zenu na imani zenu bila woga. Ila msiondoke ukutani kabla hamjatueleza mlichochora: andikeni chini yake, imbeni, waiteni watoto. Na viongozi wa dini, kabla ya kuchukua ndoo ya chokaa, muiteni mchoraji mumuulize. Ni dakika tano tu.

Mimi kwa upande wangu nimeanza kuzunguka na kinasa sauti kwa wazee wachache waliobaki wanaozijua nyimbo za Bayeye. Kitabu cha Cory kina picha, lakini sauti za walimu wale ziko kwa wazee hawa, na kila msimu wa mvua tunazika mmoja wao. Kama una babu au bibi anayekumbuka, kaa naye wiki hii, mnunulie sukari, umuulize. Kisha uje utusimulie.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.