Kitambaa cha Mutoto: kutoka kambi ya Minière mpaka Pampers

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, nkambo akifika kumwangalia mjukuu aliyezaliwa, haulizi kwanza mutoto ana kilo ngapi. Anauliza: "Alishakunya? Ya rangi gani?" Na mama mzazi, hata kama amesoma mpaka univerisite, analeta kitambaa. Hapa Karavia, katika nyumba za kisasa karibu na hoteli yenye jina hilo, swali ni lile lile, ila kinacholetwa siku hizi ni Pampers iliyokunjwa.

Historia ya kitambaa hicho ni historia ya mji wetu pia. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na Élisabethville mwaka 1910. Miaka ya kwanza kampuni haikutafuta bibi wala batoto. Wanaume waliletwa kwa mikataba mifupi, wengi wakafa, wengine wakakimbia. Karibu na mwaka 1928 siasa ikageuka: mfanyakazi akae na bibi yake, wazae ndani ya kambi, na mutoto akue awe mfanyakazi wa kesho. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyesimamia mpango huo, na aliueleza katika kitabu kilichotoka Brussels mwaka 1946. Basi mutoto akaingia katika hesabu za kampuni. Akapimwa kwenye balansi, akaandikiwa fishi, akapewa chakula chake.

Wazo la kupima batoto na kugawa maziwa lilitoka Ulaya. Huko Fécamp, Ufaransa, daktari Léon Dufour alifungua mwaka 1894 nyumba ya "Goutte de lait", kwa sababu batoto walikuwa wanakufa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyoharibika. Lakini mama wa Katanga alikuwa na ziwa lake. Alinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na kwa desturi bwana hakumkaribia mpaka mutoto aachishwe. Wazungu waliona hapo kizuizi cha uzazi. Wakataka batoto waachishwe mapema ili wengine wazaliwe haraka. Mimi nasema wazi: materinite na daktari viliokoa watu, hakuna wa kubisha. Lakini maziwa yale hayakuwa zawadi tupu, yalikuwa pia hesabu ya mikono ya kazi.

Bakubwa wanakumbuka jambo lingine: pasi ya makala. Kitambaa cha mutoto hakikuanikwa kwenye majani, na hakikuvaliwa bila kupigwa pasi pande zote mbili. Hii haikuwa kujionyesha. Kuna inzi anayetaga mayai katika nguo yenye unyevu, hasa wakati wa mvua, na funza wake anaingia katika ngozi ya mutoto na kutoa kijipu. Wafaransa wanamwita "ver de Cayor". Moto wa pasi unaua mayai.

Sasa turudi kwa swali la nkambo, maana alikuwa na haki ya kuuliza. Siku ya kwanza mutoto anatoa mavi meusi, yenye kunata kama lami. Yasipotoka ndani ya saa 24, mupeleke kwa muganga amwangalie, usingoje. Maziwa yakianza kushuka vizuri, siku ya tatu au ya nne, rangi inakuwa ya kijani-kijani, halafu ya manjano, laini, na vipande kama mbegu ndani. Hiyo si kuhara! Bamama wengi wamesimamisha ziwa na kuanza kutoa maji kwa sababu ya mavi hayo, na hapo ndipo ugonjwa wa kweli ulipoingia. Kuanzia siku ya tano tunategemea mikojo sita au zaidi kwa siku, na mavi mara tatu au nne. Baada ya wiki sita hivi, mwingine anaweza kukaa siku kadhaa bila kunya, na kama ananyonya, anakojoa na anaongeza uzito, hakuna shida.

Jirani mumoja aliniita siku moja asubuhi, analia: "Mutoto iko anatosha damu!" Ilikuwa siku ya pili tu. Kwenye kitambaa kulikuwa na doa jekundu kama unga wa matofali. Muganga alisema ni chumvi za mkojo mzito, mutoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Alisema kweli. Lakini doa hilo likiendelea baada ya siku ya tatu au ya nne, ni alama kwamba maziwa hayamfikii.

Yako mambo ambayo hayangoji kesho. Mavi meupe kama chokaa au udongo wa pemba, zaidi kama macho ni ya manjano na mkojo ni mweusi-mweusi: hapo ini halifanyi kazi yake, na kila wiki inayopita inaharibu. Damu ndani ya mavi. Mavi kurudi kuwa meusi baada ya kuwa ya manjano. Tumbo kuvimba na kutapika kijani. Kulala tu bila kutaka ziwa. Na kwa bankambo wetu tunasema kwa heshima: lavema ya dawa za majani kwa mutoto wa siku chache ni hatari, inaweza kumchoma tumbo na kumkausha.

Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, mrithi wa Minière, waliondoka kazini, na jamaa zao wakapoteza hospitali ya bure. Toka hapo mama na nkambo ndio wanaoamua kwanza kama mutoto aende kwa muganga au hapana. Na Pampers, iliyoanza Marekani mwaka 1961, inakunywa mkojo mpaka usione kitu. Wiki ya kwanza, weka ndani yake kipande cha kitambaa cheupe. Kikilowa, utajua, na nkambo akiuliza utakuwa na la kumjibu.