Udongo ni wa nani?

Hapa kwetu Himbi, mtu akimaliza kulipa anasema: "Hii parseli sasa ni yangu." Tumezoea neno hilo, lakini sheria inasema namna ingine.

Zamani udongo ulikuwa chini ya mwami. Kwa ndugu zetu wa Bushi, aliyetaka shamba alimtolea mwami ng'ombe ya kalinzi. Huo ndio ulikuwa mkataba, bila karatasi, na watoto waliurithi. Tarehe 1 julai 1885 serikali ya Leopold II ikatangaza kwamba udongo usio na mwenyewe ni wa serikali. Kumbe hata malisho na mashamba yaliyopumzishwa yaliweza kuhesabiwa kuwa matupu! Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, na wakoloni wakapata mashamba makubwa.

Sheria ya 20 julai 1973 ikakata: udongo wote ni wa serikali, hauuzwi. Raia anapewa konsesio tu, na haki yake inathibitishwa na hati ya kuandikishwa. Sheria hiyo iliahidi agizo la Rais juu ya udongo wa desturi. Miaka mingi ikapita bila agizo hilo. Njo maana kesi haziishi: mmoja anashika neno la mwami, mwingine karatasi ya serikali.

Basi, kabla ya kutoa feza, tuulize majirani na wazee, kisha twende ofisi ya udongo. Karatasi ya muuzaji peke yake haitoshi.