Faustin Linyekula, Mwongozaji Aliyerejea Kisangani

Hadi mwaka 2015, ulipokatwa Mkoa wa Mashariki wa Kongo ukawa mikoa minne, sisi watu wa Bunia, huko Ituri, tulihesabiwa chini ya Kisangani, na mwenye shauri zito la serikali alishika njia ya Komanda, Mambasa na Nia-Nia, akimwachia Mungu habari ya matope. Kwa hiyo si kujipendekeza nikisema ya kuwa Faustin Linyekula, bingwa wa dansi na mwongozaji wa michezo ya kuigiza, ni mtu wa nyumbani.

Alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akakulia Kisangani. Na vyuo vikuu vya Zaire, ndiyo Kongo ya leo, vilipofungwa, alikwenda Nairobi mwaka 1993, ambako mwaka 1997 yeye pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen waliunda Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Angaliweza kudumu ughaibuni. Walakin mwaka 2001, nchi ingali imegawanyika baina ya majeshi, alirejea Kinshasa akaasisi Studios Kabako, kwa jina la sahibu yake aliyefariki kwa tauni, maradhi ambayo Wazungu huyasoma vitabuni, nasi wa Ituri huyasikia kwa jirani. Mwaka 2006 akaihamishia kazi hiyo Kisangani, mji ambao miaka sita nyuma majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yamepigana ndani yake siku sita mfululizo. Na mwaka huo huo akatunga Dinozord, mchezo wa kuwalilia wafu, naye Kabako miongoni mwao.

Nikiitazama kazi hiyo, namkumbuka Mpolandi Jerzy Grotowski, aliyeshika thiatri ndogo ya Opole mwaka 1959, akawafundisha walimwengu kuwa jukwaa laweza kuvuliwa mapambo yote, wakabaki mchezaji na mtazamaji tu. Lakini ufukara ule wa jukwaa ulikuwa wa hiari, nao wa Kisangani, alikofanya kazi Linyekula, haukumngoja mtu auchague.

Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi ilimfikia Linyekula mwaka 2007, na mwaka 2009 Comédie-Française ya Paris ikamwita aongoze Bérénice ya Racine. Mimi, kwa rai yangu, naitukuza zaidi kazi yake ya mwaka 2019, Histoire(s) du Théâtre II, ambamo aliwapandisha jukwaani wakongwe wa Ballet National du Zaïre, kundi lililoundwa zama za Mobutu mwaka 1974, mwaka ule ule aliozaliwa yeye, wasimulie jinsi walivyoucheza utendi wa Lianja wa Wamongo: watu waliokuwa wakicheza kwa ajili ya dola, sasa wanaulizwa kwa adabu wanakumbuka nini.