Jetoni

Kwa Wafaransa wa kale, jeton ilikuwa kisahani cha kuhesabia fedha. Huko Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ni kikaratasi: jina, mwezi, muhuri, kimekunjwa ndani ya kipande cha nailoni kisilowe mvua wala jasho. Mama anayerudi kutoka shambani na mzigo wa mihogo mgongoni hukitoa kwenye bariyeri ya wenye silaha kabla hata ya kusalimu. Kundi la waasi la NDC-R lilitoza faranga 1,000 za Kongo kwa kila mtu mzima kila mwezi.

Wanaotoza hudai ni malipo ya usalama, na baadhi yetu waandishi tumeandika "ada ya usalama". Hapo napinga. Ada, neno tulilolipata kwa Waarabu likiwa na maana ya desturi, leo ni malipo ya huduma: maji ya bomba, meza ya sokoni, taka kuzolewa. Mlipaji anaona alichonunua, na akiona gharama imezidi ana haki ya kuuliza. Jetoni haiulizwi. Asiyekuwa nayo hukamatwa au hupelekwa kazi ya nguvu, na barabara inabaki tope lilelile.

Waandishi wenzangu, tuliache neno ada mahali pake. Jetoni tuiite unyang'anyi.