Mkono wa Kushoto wa Károly Takács

Katika zama ambazo jeshi la Hungaria lilijivunia mahodari wake wa kulenga shabaha, alikuwako sajini mmoja, Károly Takács, mzaliwa wa Budapest wa mwaka 1910, ambaye sifa ya mkono wake wa kuume ilikwisha kuenea, lakini alizuiliwa kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, si kwa kupungukiwa na ustadi, bali kwa kuwa kanuni iliwaruhusu maafisa peke yao. Kanuni hiyo isiyo na insafu ilipoondolewa, akayaweka matumaini yake katika michezo ya 1940.

Mwaka 1938, katika mazoezi ya kijeshi, bomu la mkono lenye hitilafu likamlipukia katika mkono ule ule wa kuume, likauharibu kabisa. Alilazwa hospitali kadiri ya mwezi mmoja. Na alipotoka, kwa siri, akaanza kuufundisha mkono wa kushoto.

Ni vema kuuzingatia uzito wa kazi hiyo. Katika mchezo wake wa bastola, mlengaji husimama ameuteremsha mkono, akingojea shabaha 5 zilizo umbali wa mita 25 zimgeukie. Na zikisha kumgeukia, huuinua na kuzipiga zote, kila moja kwa risasi yake, katika muda ambao hupunguzwa hata ukafika sekunde 4. Mkono usiozoea hutetemeka, na kidole hufyatua kabla ya wakati wake. Hayo yote Takács aliyaanza upya kama mtoto aliyetiwa chuoni, naye ni mtu mzima wa miaka 28. Na kwa maoni yangu, miezi ile isiyokuwa na mtazamaji ina fahari kuliko nishani zake zote.

Mwaka 1939 alitokea kwenye mashindano ya taifa lake, na husimuliwa kwamba wenziwe walimwendea kumpa pole, wakidhani amekuja kutazama. Kumbe amekuja kushindana, akawashinda.

Kisha vita vikaibatilisha michezo ya 1940 na ya 1944. Alipofika kwenye michezo ya London mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 38, bingwa wa dunia wa wakati huo, Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimwuliza amefuata nini, naye akajibu kwamba amekuja kujifunza. Akashinda kwa pointi 580, rekodi mpya ya dunia, na Díaz, aliyekuwa wa pili, akakiri kwamba mwenzake amekwisha jifunza vya kutosha.

Wala hakutosheka. Helsinki, mwaka 1952, alimpita Mhungaria mwenzake, Szilárd Kun, kwa pointi 1 tu, 579 kwa 578, akawa mtu wa kwanza kuutwaa ubingwa wa Olimpiki wa mchezo huo mara mbili.