Bakuli la Kizaemon: waliolimiliki wanajulikana, aliyelifinyanga hajulikani

Mwaka 2022 ilitimia miaka 200 tangu bakuli moja la udongo likabidhiwe hekalu dogo la Koho-an, ndani ya Daitoku-ji, mjini Kyoto. Hilo ndilo bakuli la Kizaemon, Hazina ya Taifa ya Japani, linalosifiwa kuliko mengi katika hafla za chai. Lakini halikufinyangwa Japani. Lilitoka Korea, karne ya 16, na jina la mfinyanzi wake halikuandikwa popote.

Hapo awali wakubwa wa Japani walithamini mabakuli ya China. Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591, ni mmoja wa waliowafundisha kupenda vyombo visivyo na makuu, kama bakuli hili.

Jina la bakuli linatokana na Takeda Kizaemon, mfanyabiashara wa Osaka. Inasimuliwa kwamba alifilisika, akapoteza kila kitu, ila bakuli hakuliachia mpaka alipokufa akiwa na majipu mwilini. Habari ikaenea kuwa lina nuksi. Matsudaira Fumai, mtawala wa Matsue, hakutishika; alilinunua kwa ryo 550, sarafu za dhahabu za enzi hiyo. Naye akaugua majipu mara mbili. Mkewe akamsihi aliondoe, akakataa katakata. Fumai alifariki mwaka 1818, na mwanawe aliyelirithi naye akapatwa na maradhi yale yale. Ndipo ukoo ukalipeleka hekaluni.

Mwaka 1931 mwanafalsafa Yanagi Soetsu aliomba alione. Yakafunguliwa masanduku, moja ndani ya jingine. Alichokiona ni bakuli la wali la maskini, lililofinyangwa haraka na mtu asiyetafuta sifa, na kwake huo ndio uliokuwa uzuri wenyewe. Wapo Wakorea wanaombishia, wakisema mabakuli ya aina hii yalikuwa ya matambiko.

Vyovyote iwavyo, deni la Japani kwa wafinyanzi wa Korea liko pale pale. Majeshi ya Hideyoshi, mtawala wa Japani, yalipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, wafinyanzi walichukuliwa mateka wakavushwa bahari. Matanuri mashuhuri ya Hagi, Arita na Satsuma yalianzishwa kwa mikono yao. Kumsifu Fumai kwa jicho lake kali bila kuwataja watu hao ni dhuluma, na yeyote anayelionyesha bakuli hili angepaswa kuanza na Korea.

Mabakuli ya chai yaliyotangazwa Hazina ya Taifa ni 8: matano ya China, moja la Korea. Yaliyofinyangwa Japani ni mawili tu.